Wananingoja kila Jumapili: ni upendo au ni huruma?

"Mama, jambo sana. Niko na miaka 29, ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Kyeshero hapa Goma. Toka mwaka jana nafanya mazoezi na kikundi cha watu 11, wanawake tuko wawili tu. Jumanne tunaogelea ziwani, Alhamisi tunapanda kinga, yaani baiskeli, Jumapili tunakimbia upande wa Sake halafu tunarudi. Tuko na ndoto ya kufanya triathloni, tangu tuone ile ya Rubavu, Rwanda. Shida yangu ni hii: mimi ndiye wa mwisho kila siku. Wanafika, wanakaa kando ya barabara, wananingoja. Nikitokea wanapiga makofi, wananiita 'championi'. Wananibebea maji. Hata mchango wa kutengeneza kinga hawaniombi, wanasema 'wewe acha tu, dada yetu'. Kaka yangu anasema wananichekelea, na siku ya shindano kila mtu atakimbilia medali yake. Sasa ni wiki tano siendi Jumapili. Nakimbia peke yangu jioni, na nimepunguza chakula ili niwe mwepesi. Nataka pia kuogelea peke yangu saa kumi na moja na nusu asubuhi, mbele watu hawajaamka, ili nikirudi kwao niwe nimewafikia. Urafiki wao ni wa kweli? Mtu anaweza kuwa rafiki wa yule anayeshindana naye? Ao niendelee peke yangu mpaka nipate nguvu?"

Binti yangu, umeuliza maswali matatu, na katikati yake umepitisha mambo mawili ambayo hukuyaita maswali: kuogelea peke yako kabla ya jua, na kupunguza chakula. Mimi ni kine, mtaalamu wa tiba ya viungo. Kutwa niko na magoti, migongo na vifundo vya watu wa mji huu, na kwa miaka mingi nimesindikiza vikundi vya wakimbiaji na waogeleaji. Nianze na lile linaloweza kukuua. Urafiki utatungoja kidogo.

Usiingie ziwani peke yako saa kumi na moja na nusu. Wewe ni mwalimu, bila shaka unawaonya watoto juu ya mazuku. Basi jionye na wewe. Ile ni gesi ya kaboni dioksidi inayopenya kutoka kwenye ardhi yetu ya volkano, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu. Kwa sababu ya uzito huo hairuki juu, inatiririka chini kama maji na kutuama mashimoni, kwenye vibonde na kwenye ghuba ndogo za kando ya ziwa. Usiku usio na upepo inajikusanya, na jua na upepo vikija inatawanyika. Yaani saa uliyoichagua ndiyo saa mbaya kuliko zote. Haina rangi, na pua haikuonyi. Mtu anayetembea kichwa chake kiko mita moja na nusu juu ya ardhi, wewe unayeogelea unavuta hewa sentimita chache tu juu ya maji. Watu wamekwisha kufa hivyo wakiogelea katika ziwa hili, na waliobaki ufukweni huenda wasisikie kelele yoyote, kwa sababu anayezidiwa na mazuku anaweza kuzimia kabla ya kupiga kelele.

Ogeleeni jua likiwa limepanda, mahali mnapopajua, sambamba na ufuko wala si kuelekea katikati, na mtu mmoja awe nchi kavu au ndani ya mtumbwi akiwahesabu. Kibidoni kitupu cha njano, kilichofungwa vizuri na kuvutwa kwa kamba nyuma yako, kinamsaidia huyo mhesabu kukuona kati ya mawimbi, ingawa hakikuokoi wewe mwenyewe. Kukimbia peke yako jioni nako sikupendi, kwa sababu ambazo mtu wa Goma haelezwi.

Sasa tuje kwenye lile linalokuuma. Nikilisema kwa maneno yangu, huogopi kuwa wa mwisho. Unaogopa kwamba makofi wanayokupigia ni yale mtu anayompigia mtoto anayejifunza kutembea. Kwa kuwa huna hakika, umeona heri ujiondoe kabla hawajakuchoka. Watu wengi wamekaa kwenye kitanda changu cha matibabu wakisema neno hilohilo, na si wanawake peke yao. Vijana wenye miguu mizuri kabisa wameacha vikundi kwa sababu ya aibu ya kungojwa.

Kaka yako anakupenda, lakini anapima michezo yote kwa kipimo cha mpira. Kwenye mpira kombe ni moja, na furaha ya upande huu ni machozi ya upande ule. Michezo ya mbio ndefu haikujengwa hivyo. Ile ya Rubavu mliyoiona, ambayo ilifanyika kwa mara ya kwanza Agosti 2022, ni kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za kinga na 21.1 za kukimbia. Kati ya wote wanaojipanga ufukweni, wanaofikiria kushinda ni wachache sana. Waliobaki wanashindana na ule umbali, na na nafsi zao za mwaka uliopita. Umbali haupungui kwa sababu jirani yako amechoka, wala hauongezeki kwa sababu amekupita. Ndiyo maana anayekupita anaweza kukuambia "kaza moyo, dada" kwa moyo mweupe: wewe kufika hakumnyang'anyi kitu.

Desturi hiyo ni ya tangu mwanzo. Shindano la kwanza la Ironman, ile triathloni ndefu, Februari 1978 kule Hawaii, lilianza na watu 15, wakamaliza 12, na wote kumi na wawili walihesabiwa kuwa wametenda jambo kubwa, toka wa kwanza hadi wa mwisho. Mpaka leo kwenye fainali ya Hawaii watu wanajaa kwenye mstari wa mwisho usiku wa manane kuwapokea wa mwisho kabisa, na washindi waliokwisha kuoga na kula zamani wanarudi kuwashangilia. Sikuelezi hayo ili ujifariji. Nataka uone kwamba wenzako, walipokaa kando ya barabara ya Sake kukungoja, hawakubuni huruma mpya kwa ajili yako. Waliingia katika desturi ya mchezo wenyewe.

Lakini desturi peke yake haielezi joto lile unaloliona kati yao wakifika, kule kucheka na kupigana mabega. Hilo linatoka mwilini, na nadhani hapa ndipo penye kiini cha upweke wako.

Umewahi kuwaangalia wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wakitoka jioni? Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, watu wanapiga kasia na kuimba, na kasia zote zinaingia majini kwa mpigo mmoja. Wimbo huo una kazi. Mwaka 2010 watafiti wa Oxford, Uingereza, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wapiga makasia 12. Waliwaweka kwenye mashine za kupigia kasia, mara kila mtu peke yake, mara katika timu ya watu sita kwa mpigo mmoja. Baada ya kila kipindi walimbana kila mmoja mkono kwa ule mkanda wa kupimia presha, waone atavumilia maumivu kiasi gani. Nguvu waliyotumia haikutofautiana. Lakini walipopiga pamoja, uvumilivu wao uliongezeka wazi kuliko walipopiga peke yao. Watafiti waliona katika hilo dalili ya endofini, dawa ya maumivu ambayo ubongo unajitengenezea. Tunajua pia kwamba mbio za wastani za muda mrefu zinaamsha katika damu kemikali nyingine za raha, ambazo mwili wenyewe unazitengeneza na zinafanana na zile za bangi. Kemikali hizo hazipunguzi maumivu tu. Zinamlegeza mtu, na huenda zikamfanya amwone aliye kando yake kuwa ndugu. Ndiyo maana vikundi vya Jumapili asubuhi vinavyopita Himbi na Katindo vikikimbia na kuimba vinarudi nyumbani vikiwa familia, hata kama watu hawajuani majina.

Sasa jiangalie wewe. Wenzako kumi wanakimbia pamoja, hatua zao zinapatana, wanaimba, wanaongea. Wewe uko mita mia tatu nyuma, na mpigo unaousikia ni wa moyo wako tu. Mnafika mahali pamoja, lakini wao wamekunywa dawa ambayo wewe hukuinywa. Halafu wanakupigia makofi, nawe unajiuliza kwa nini makofi hayo hayakufikii moyoni. Hayawezi kukufikia. Makofi ya dakika moja hayalipi saa nzima ya kukimbia pamoja. Hisia yako ya kuwa nje ya kikundi si wivu, wala si moyo mdogo. Mwili wako unakuambia kweli: katika lile linalowaunganisha, hukuwemo.

Dawa ya hapo haiko katika kukimbia peke yako jioni hadi uwafikie. Huko unaongeza ugonjwa uleule. Omba dakika ishirini za kwanza ziwe za wote, kwa mwendo wako, mwendo ambao mtu anaweza kuimba bila kukatika pumzi. Baadaye wenye mbio waende, wakifika mahali mlipokubaliana wageuke warudi kuwakuta walio nyuma badala ya kukaa chini kungoja, na kipande cha mwisho mkimalize tena pamoja. Utasema ninawaomba wapoteze muda kwa ajili yako. Hapana. Utafiti juu ya wanamichezo wakubwa wa mbio ndefu unaonyesha kwamba takribani asilimia 80 ya vipindi vyao ni vya mwendo mwepesi. Kosa kubwa la vikundi vyetu, na ninaliona kwenye visigino na magoti ya watu kila wiki, ni kukimbia kila siku kama siku ya shindano. Kikundi kinachokwenda mwendo wako kwa dakika ishirini hakikufanyii sadaka, kinafanya mazoezi sahihi ambayo bila wewe kingeyaruka.

Nikuambie jambo jingine kuhusu mtu wa nyuma. Miaka ya 1920 huko Berlin, Mjerumani Otto Köhler aliwapima wanachama wa chama cha wapiga makasia kwa kuinua uzito, kwanza kila mtu peke yake, halafu pamoja wakiwa wameshika chuma kimoja ambacho mmoja akiacha, wote wameshindwa. Yule dhaifu alidumu muda mrefu zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Alijua kwamba wanamtegemea. Ila Köhler aliona pia kwamba faida hiyo ilikuwa kubwa pale tofauti ya nguvu ilipokuwa ya wastani. Ukimfunga dhaifu na jitu, anakata tamaa. Ukimfunga na mwenzake sawasawa, hakuna anayemvuta mwingine. Kwa hiyo usijipime na yule kijana wa mbele. Tafuta katika kikundi yule anayekuzidi kidogo tu, mtu unayemwona mgongo wake hadi mwisho, mwombe awe jozi yako. Labda ni yule mwanamke mwenzako, labda ni baba wa miaka hamsini. Kwenye kinga, pale barabara ilipo tambarare na mwendo ukiwa mkali, kaa karibu nyuma yake: anayejificha upepo hivyo anaweza kupunguziwa robo ya kazi, hata theluthi. Mkipanda kuelekea Kibati msaada huo unakuwa mdogo, kwa kuwa mnakwenda polepole na upepo si adui tena, adui ni mlima. Huko kila mtu anabeba uzito wake mwenyewe, na hakuna haya kushuka ukasukuma kinga.

Nimekuja kwenye swali lako la kwanza: ni upendo au ni huruma? Nitakujibu kama nilivyoona. Katika barua yako kuna sentensi moja uliyoipita haraka, nami nimeirudia mara tatu. Umesema mchango hawakuombi. Wanakubebea maji. "Wewe acha tu, dada yetu." Hapo ndipo penye jibu.

Sisemi hawakupendi. Watu wasiokupenda hawakai kwenye vumbi la Sake wakikungoja mwaka mzima. Lakini wamekupenda kama mgeni. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wewe umekaa mwaka mzima bila jembe. Huruma inatambulika kwa jambo moja: haikudai kitu. Anayekuhurumia hakuambii kwamba mkono wako wa kushoto unakata maji vibaya, hakukasirikii ukichelewa, hakuulizi fedha, hakupi ufunguo. Mwenzako wa kweli anakudai. Waangalie vijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kwenye kupanda: mmoja anavuta usukani, mwingine anasukuma mzigo kwa nyuma, na wakifika juu wanarudi wote kuchukua chukudu ya pili. Yule mdogo kuliko wote naye ana bega lake mahali fulani. Hakuna aliyekaa kando akipigiwa makofi.

Najua jambo hili kwa mwili wangu. Nikiwa na miaka ishirini na kitu nilikimbia Bukavu na wanaume wanane, kutoka Nguba hadi upande wa Panzi na kurudi, na ile milima unaijua. Miezi minne walinifanyia kama wanavyokufanyia wewe. Nilikuwa nalia njiani nikiwa peke yangu, nikifika nacheka. Halafu asubuhi moja aliyekuwa akishika saa na daftari alihama mji, mtu akanitupia daftari kwa sababu tu nilikuwa karibu. Kuanzia siku ile nilijua mwendo wa kila mmoja, nani anadanganya juu ya goti lake, nani hakulala. Walianza kunigombeza nikikosea hesabu. Siku ya kwanza niligombezwa vikali, na nilirudi nyumbani nikiimba. Mbio zangu hazikuongezeka hata sekunde moja wiki ile, bado nilikuwa wa mwisho, lakini hakuna aliyeniita championi tena. Waliniita kwa jina langu.

Basi nenda ukadai jembe lako. Toa mchango wako kama wengine, hata ukiwa mdogo, na wakikataa uweke mezani uondoke. Shika saa. Beba pampu na viraka. Wewe ni mwalimu, sauti yako inafika nyuma ya darasa la watoto hamsini: uwe wewe unayewahesabu watu wakitoka majini Jumanne, kazi ambayo nimekwisha kukuonyesha kwamba ni ya uhai na kifo. Waambie pia, kwa kinywa chako, kwamba neno "championi" linakuumiza. Wengi wao watashangaa, kwa sababu walidhani linakupa nguvu. Na uwe tayari kwa matokeo ya upande wa pili. Inawezekana mmoja wao atakasirika. Inawezekana utagundua kwamba wawili watatu walipenda kuwa na mtu dhaifu wa kumsaidia kuliko kuwa na mwenzao. Hilo likitokea litauma, nawe utakuwa umejua. Kama katika ukarimu wa mtu yeyote kuna bei ya chini kwa chini, ujumbe wa usiku, mkono unaokaa begani muda mrefu kuliko inavyofaa, huo hauitwi urafiki wa michezo. Mwambie yule mwanamke mwenzako na mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo.

Swali lako la pili, kama mtu anaweza kuwa rafiki wa yule anayeshindana naye, lina majibu mazuri kwenye historia, na yote hayaelekei upande mmoja. Desemba 2012, kwenye mbio za nyika kule Burlada, Hispania, Mkenya Abel Mutai, aliyekuwa ametoka kupata medali ya shaba ya Olimpiki London katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, alikuwa anaongoza. Alidhani amekwisha kuvuka mstari, akapunguza mwendo. Nyuma yake Mhispania Iván Fernández Anaya aliweza kumpita kirahisi. Hakumpita. Walikuwa hawana lugha ya pamoja, basi alimwonyesha kwa ishara aendelee mbele, akabaki nyuma yake hadi mstarini. Eliud Kipchoge naye, alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 huko Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alizungukwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumkata upepo. Hao hawakuwa watumishi wake, wengi walikuwa wanariadha wakubwa wenye majina yao, watu wa kushindana naye siku nyingine.

Lakini urafiki una mahali sheria inapouzuia, na ni vizuri mlijue mapema. Agosti 2019 huko Tokyo, kwenye shindano la majaribio la triathloni kabla ya Olimpiki, Waingereza wawili, Jessica Learmonth na Georgia Taylor-Brown, walifika mbele ya wote, wakashikana mikono na kuvuka mstari pamoja makusudi. Wote wawili waliondolewa, ushindi akapewa Flora Duffy wa Bermuda. Mimi naona sheria hiyo ni ya haki. Mashindano yanaomba kila mtu atoe alichonacho hadi mwisho, na ukijizuia ili usimpite rafiki yako, umemnyima kitu: hatajua kamwe kama angekushinda. Kwa hiyo siku ile kaka yako anayoitabiri ikifika, na wenzako wakakimbilia medali zao, usiseme "nilijua". Waache wakimbie. Angalia watakuwa wapi wewe ukifika.

Sasa chakula, na hapa sauti yangu inakuwa kali kidogo. Unafanya mazoezi ya michezo mitatu, unasimama darasani kutwa, na unajinyima. Mwili usiopata nishati ya kutosha hauwi mwepesi na wa mbio. Unazima taa chumba kwa chumba: hedhi inavurugika au inakatika, mifupa inapoteza nguvu, usingizi unaharibika, hasira inapanda, kidonda kinachelewa kupona, na mbio zenyewe zinapungua. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa onyo juu ya hali hiyo mwaka 2014, kwa wanawake na wanaume pia. Rudisha chakula chako. Kula bugali yako na maharagi na sombe, sambaza ni protini nzuri na ya bei nafuu, kipande cha jibini ya Masisi ukikipata ni baraka ya mifupa. Kula ndani ya saa moja baada ya mazoezi, usingoje jioni.

Kuna jambo nililoliweka makusudi karibu na mwisho, kwa sababu linaweza kubadili yote niliyosema juu. Mwaka mzima wa mazoezi mara tatu kwa wiki, na bado uko nyuma kwa umbali uleule? Hiyo inaweza kuwa ni wewe tu, miili haifanani. Lakini kwa mwanamke wa umri wako naanza kwa kufikiria damu. Upungufu wa damu unatokana na hedhi nzito, malaria inayorudi, minyoo, chakula chenye madini kidogo ya chuma, na sisi huku juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hatuna hewa ya kuchezea. Mtu mwenye damu chache anajitahidi sawa na wenzake na anabaki nyuma, kisha anajilaumu kwa uvivu. Nenda kwenye kituo cha afya upime himoglobini, na mweleze daktari au muuguzi kwamba unafanya michezo. Usinunue vidonge vya chuma dukani kabla ya kupima.

Na usingoje miadi ikiwa unapata maumivu ya kifua ukikimbia, ukianguka kwa kizunguzungu, ukikohoa na kufunga kifua kila baada ya mazoezi, au ukiwa na maumivu ya mfupa sehemu moja tu ya mguu ambayo hayatulii hata usiku. Hedhi ikikosa miezi mitatu, nenda. Kama pia huzuni hii haikai barabarani tu, inakufuata darasani na kitandani, kama hulali, kama wiki hizi tano hujakosa mbio tu bali umeacha watu wote, tafuta mshauri wa saikolojia uongee naye uso kwa uso. Mji wetu umebeba mengi, na watu wengi wanaonijia na goti wana kitu kingine kilichowachosha zaidi ya goti. Barua haitoshi kwa hilo.

Swali lako la tatu limekwisha kujibiwa njiani, lakini nikuandikie wazi: hapana, usiendelee peke yako. Siku moja kwa wiki ya kukimbia peke yako asubuhi, jua limetoka, barabara ina watu, hiyo ni nzuri kwa kichwa. Nyingine zote uwe na wenzako. Jumapili hii usikimbie, kwa sababu hujapima damu. Nenda hata hivyo, na viatu vya kawaida, ufike kabla yao mahali wanapogeukia, na uwe wewe unayewangoja na maji. Waambie uliyoniambia mimi. Ukipata majibu ya himoglobini, niandikie namba iliyoandikwa kwenye karatasi, tuiangalie kabla hujaongeza kilomita hata moja.